Goti bovu, moyo wa Bruce Lee!

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa Lingeka, Simiyu

"HAAAIYAAA!"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, kikafuata kishindo cha gunia, halafu kimya. Baada ya hapo nikasikia masela wanacheka, na mtu mmoja anaguna kama ng'ombe aliyekanyagwa.

Ndio kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye bodaboda, vumbi la njiani limenipaka mpaka kwenye kope, sijamaliza hata kumwamkia shangazi. Nikazunguka nyuma mbio. Chini ya mwembe wamening'iniza kiroba kilichojazwa mchanga na pumba, na mbele ya kiroba kakaa chini bwana mdogo, mtoto wa shangazi, kashika goti la kulia kwa mikono miwili. Anacheka, lakini machozi yanamlengalenga.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Karate, kaka. Shikamoo. Goti limechomoka kidogo tu, linarudi lenyewe."

Mpenzi msomaji, makala haya yalizaliwa hapo hapo, kabla sijapewa hata maji ya kunywa.

Kwa wale mliozaliwa Sinza mkakulia Kijitonyama, Lingeka iko mkoani Simiyu. Unatoka Mwanza kwa basi la barabara ya Musoma, unaipita Magu, ukifika Lamadi unakata kulia, unaingia nchi ya pamba. Nilikwenda kusalimia, na kusema ukweli kula michembe ya shangazi, maana pamba ilikuwa imeiva na watu wote wako shambani. Sikutegemea kukuta Shaolin pale.

Historia ya lile goti ni fupi na wengi mnaijua, kwa sababu ndiyo ya nusu ya vijana wa nchi hii. Bodaboda. Mwaka mmoja na nusu nyuma alianguka, mguu ukabaki chini huku pikipiki inageuka nao. Goti likavimba usiku ule ule likawa kama boga. Akakandwa kwa maji ya chumvi, akapakwa dawa ya kuchua, akalala wiki tatu, akaona poa. Tangu siku hiyo akitembea moja kwa moja hana shida. Akigeuka ghafla, goti linamkimbia. Anasema linakuwa kama bawaba iliyolegea misumari.

Na mipango yake ilikuwa mikubwa. Pamba ikipimwa na hela ikitoka, anakwenda Mwanza, anajiunga na klabu, anapata mkanda, anapata kazi ya ulinzi. Alikuwa amebakiza swali moja tu, na alilitunza mpaka mtu wa Dar aje.

"Kaka, kati ya karate, kung fu, taekwondo na ngumi, ipi kiboko?"

Nikakaa chini. Nilitaka kumjibu haraka, nikakumbuka bega langu.

BEGA LANGU NA UJINGA WANGU

Nilipokuwa sekondari nilichomoka bega la kushoto kwenye mpira. Golikipa mwenye mikogo, nikaruka, nikatua vibaya. Likarudishwa, nikavaa kitanzi, nikasahau. Miaka kadhaa baadaye nipo Dar, kijana wa mjini, nikaingia klabu moja ya judo ambayo jina lake naliweka kapuni. Fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama una ugonjwa au jeraha. Nikaandika 'Hakuna'. Niliogopa wangeniona lege lege!

Judo, kwa wasioijua, ilibuniwa Japani na Jigoro Kano mwaka 1882, na kitu cha kwanza unachofundishwa si kumwangusha mtu. Unafundishwa kuanguka wewe. Unaanguka chali, unaanguka ubavu, na kila ukianguka mkono unapiga mkeka kwa nguvu ili kishindo kisiishie kwenye mbavu na kichwa. Ni elimu nzuri sana, hata mzee wa miaka 70 ingemfaa siku akiteleza bafuni. Lakini fikiria mtu ambaye bega lake lilishatoka, anapiga mkeka mara hamsini kwa jioni moja. Wiki ya tatu likatoka. Nilizimia kiaina, nilipoamka nikamwona mwalimu ananiangalia kwa huruma na hasira vikiwa vimechanganyika. "Kwa nini hukusema?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Baadaye daktari aliniambia jambo ambalo ningelijua mapema ningeokoa hela za bodaboda za kwenda kliniki: bega la kijana likishachomoka mara moja lina tabia ya kurudia, na kadiri ulivyokuwa mdogo lilipotoka mara ya kwanza ndivyo uwezekano unavyokuwa mkubwa. Judo haikuwa na kosa. Nilichagua mchezo ambao somo lake la kwanza kabisa ndilo lile bega langu lisilolitaka.

Kwa hiyo bwana mdogo nilimjibu hivi: swali la ipi kiboko ni la mtu mwenye mwili mzima. Wewe anza na lingine. Goti lako halitaki kufanyiwa nini? Ukilijibu hilo, michezo mingine inajifuta yenyewe kwenye orodha, inabaki miwili mitatu, hapo sasa unachagua kwa raha zako.

Akanitazama kama nimemnyang'anya mkufu.

"Lakini Bruce Lee..." akaanza.

Aaa! Nilikuwa namsubiri hapo hapo.

MGONGO WA BRUCE LEE

Sote tuliokulia kwenye mabanda ya video, enzi sinema ya Kichina inatafsiriwa na Lufufu kwa madoido kuliko sinema yenyewe, tunadhani Bruce Lee alikuwa wa chuma. Mwaka 1970 yule bwana alijiweka chuma cha kilo kama 57 mabegani, akainama mbele na kuinuka, bila kupasha mwili moto vya kutosha. Mgongo ukagoma. Madaktari wakamwambia asahau mateke. Alikaa miezi kitandani, na katika kulala huko akawa anasoma na kuandika mawazo yake kuhusu mapigano, daftari baada ya daftari.

Mwaka 1971 alikuwa Thailand anapiga sinema ya The Big Boss, na yale mateke mnayajua. Mgongo haukupona kabisa. Uliendelea kumsumbua mpaka alipofariki Julai 1973. Alichofanya ni kubadilisha mazoezi kufuatana na mgongo, akarudi taratibu. Kwa hiyo ukitaka kumwiga, mwige yote, na ile miezi ya kulala imo!

Bwana mdogo akakaa kimya. Masela wake nao wakasogea, maana habari za Bruce Lee hazipitwi hivi hivi.

MGUU ULIOSIMAMA

Sasa tuje kwenye goti, maana ndilo lenye wateja wengi. Mpira, bodaboda, magunia, ngoma. (Anayetaka kuona goti la Msukuma linavyotakiwa kufanya kazi atazame wacheza Bugobogobo wakishuka chini na majembe yao. Mimi hapo nilishashindwa siku nyingi.)

Bwana mdogo alikuwa na akili zake. Akaniambia, "Kaka, mimi si mjinga. Mguu mbovu ni wa kulia, napiga mateke kwa kushoto. Wa kulia nakanyagia tu."

Ndugu msomaji, simama sasa hivi hapo ulipo. Piga teke la kuzungusha polepole kwa mguu wa kushoto, ukishika ukuta. Umeona? Mguu unaopiga uko hewani, hauna mzigo wowote. Anayeumia ni yule aliyesimama. Umebeba mwili wote juu yake, halafu kiuno kinageuka, paja linageuka, na unyayo usipogeuka nao, msokoto wote unakwenda kumalizikia kwenye goti. Na goti limeumbwa kukunja na kunyoosha. Kuzunguka si kazi yake. Yule bwana alikuwa anakanyagia mguu mbovu na kuuminya kama nguo inayokamuliwa, kila jioni, mara thelathini, kwenye udongo mkavu unaong'ang'ania kandambili!

Ndani ya goti kuna kano zinazofunga mfupa wa paja na mfupa wa ugoko visipishane, na kuna vipande viwili vya gegedu vinavyokaa katikati kama shokapu. Kano ikikatika, goti linakukimbia unapogeuka. Gegedu likichanika, goti linaweza kukwama katikati, huwezi kulinyoosha mpaka ulitikise. Haya mawili hayatibiwi kwa dawa ya kuchua, na mwalimu wa karate hawezi kuyaona kwa macho. Kuna kano zinazohitaji upasuaji, na kuna watu wanaoishi vizuri bila upasuaji baada ya kuimarisha misuli ya paja kwa miezi. Wewe uko kundi gani? Anayejua ni yule atakayelishika goti lako na kulipima.

Kwa goti la namna hiyo, taekwondo inajifuta mwanzoni kabisa. Ni mchezo mtamu kuutazama, lakini umejengwa juu ya mateke ya kuzunguka na kuruka, mguu mmoja hewani muda wote. Mieleka na judo zinafuata, kwa sababu mpinzani anakuja na kilo zake zote kuugeuza mguu ambao umeshaukanyagia. Aikido watu wanaidhani ya wazee, eti haina mateke. Subiri wakupigishe magoti kwenye mkeka nusu saa, na kuna mazoezi ya kutembea hivyo hivyo kwa magoti! Capoeira ya Wabrazili, pamoja na uzuri wake na ngoma zake, weka pembeni. Jiujitsu ya kulala chini inaweza kumfaa mwenye goti lililochoka kidogo, kwa sababu uzito uko mgongoni na ukibanwa unagonga mkeka unaachiwa. Lakini kuna mibano ya kisigino inayosokota goti, na wataalamu wanasema maumivu yake huwa yanakuja umechelewa. Mwambie mwenzako mapema: mguu huu usiuguse.

Zinabaki ngumi na karate. Ngumi nazo zina mzunguko wa mguu, asikudanganye mtu, ila ni mfupi na kisigino kinanyanyuka kikageuka pamoja na goti. Karate ndiyo ina nafasi kubwa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chukua Goju-Ryu, mtindo wa Okinawa wa Chojun Miyagi, ambao ndio ulioingia Dar miaka ya 1970 kupitia Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, aliyefundisha pale Zanaki. Mateke yake mengi ni ya chini, mikono inafanya kazi karibu na mwili, na kuna kata nzima ya kusimama, kupumua na kusukuma. Mtu anaweza kujifunza mwaka mzima bila kurusha mguu juu ya kiuno. Tahadhari moja: ile pumzi ya kukaza mwili wote inapandisha presha kwa muda. Mwenye shinikizo la damu aseme kwanza.

BEGA, MGONGO, KICHWA

Hapa nitakwenda mbio. Mwenye bega la kutoka kama langu akae mbali na kurushwa na kuning'inizwa mkono. Karate na ngumi zinaweza kumfaa, akishaimarisha misuli ya bega, ila ngumi iliyokosa lengo ndiyo mbaya, mkono unakwenda wenyewe hakuna cha kuuzuia. Mwenye viganja vibovu asikubali kupiga pushapu za ngumi sakafuni siku ya kwanza ili aonekane mwanaume. Mwenye chuma mguuni au mkononi kutokana na ajali amuulize aliyemwekea kama anaruhusiwa kugongwa pale, swali la dakika mbili tu.

Mgongo una daraja zake. Unaouma ukikaa sana kazini mara nyingi unataka kutembezwa, na mazoezi ya polepole yanausaidia. Unaotuma maumivu kama umeme mpaka unyayoni, uonwe na daktari kwanza. Na kama umeambatana na ganzi sehemu za kukalia au mkojo kugoma, usisubiri Jumatatu, nenda hospitali leo.

Kichwa sina utani nacho. Ulizimia kwenye ajali? Ulipigwa ukasahau ulivyofika nyumbani? Mazoezi ya kupimana kwa kupiga kichwani yafute, hata mwalimu akisema watapiga polepole. Ubongo uliotikiswa ukatikiswa tena kabla haujapona, madhara yake hayafanani na ya mara ya kwanza. Jackie Chan alidondoka kutoka kwenye mti akipiga sinema ya Armour of God miaka ya 1980, akapasuka fuvu, akaendelea na kazi, na vijana wanasema "si umeona?" Nimeona. Nimeona pia alikimbizwa hospitali akapasuliwa. Nani atakukimbiza wewe?

NG'AMBO YA MTO KAGERA

Usije ukadhani nimekuja kuwafungia watu milango. Kuna jirani yetu nataka umjue.

Parfait Hakizimana ni Mrundi. Mwaka 1996, akiwa mtoto, kambi waliyokimbilia usalama ilishambuliwa, mama yake akauawa, yeye akapigwa risasi mkono wa kushoto. Mkono ukabaki hauna kazi. Alipokuwa kijana akaingia taekwondo. Fikiria ujanja wake: katika michezo yote alichagua ule ambao mikono ina kazi ndogo kuliko miguu! Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yakamkimbizia Rwanda, kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe, karibu kabisa na mpaka wetu. Hakukaa kusubiri mgao. Alianza kufundisha taekwondo wakimbizi wenzake, wakubwa na watoto, mpaka akafika michezo ya walemavu ya Tokyo, ile iliyofanyika mwaka 2021, katika timu ya wakimbizi ya watu sita. Hakurudi na medali. Alirudi kambini kwa wanafunzi wake.

Taekwondo ya walemavu wa mikono ina sheria yake: kupiga teke kichwani hakuruhusiwi, kwa sababu kuna asiyeweza kuinua mkono kujikinga. Na judo ya wasioona, ambayo imekuwa kwenye michezo ya walemavu tangu Seoul 1988, inaanza wachezaji wakiwa wameshashikana, ili mtu asimtafute mwenzake gizani. Umeona mambo hayo? Mchezo wenyewe umebadilishwa umfuate mwili. Sasa inakuwaje mwalimu wa mtaani akatae kubadilisha zoezi moja kwa sababu ya goti lako?

Mchezo ule ule wa taekwondo nilioufuta kwa bwana mdogo ndio uliomfaa Hakizimana. Ndiyo maana kumuuliza rafiki yako "wewe unacheza nini, na mimi nije" ni sawa na kuazima miwani yake.

MWALIMU KABLA YA MKANDA

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko jina la mchezo. Mwalimu. Mwalimu mzuri wa judo ni salama kuliko mwalimu mbovu wa chochote kile. Zanzibar, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amekuza judo tangu miaka ya 1990, na nchi hii imetoa mchezaji wa judo wa Olimpiki, Andrew Mlugu, aliyekwenda Rio mwaka 2016. Watu kama hao hawatengenezwi kwa kuvunjwa vunjwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, nenda kaketi kwenye benchi jioni mbili. Usitazame mwalimu anavyopiga. Tazama anafanya nini mwanafunzi akishika mguu na kukunja uso. Anasimamisha? Au anapiga kelele "amka, wewe si demu!" na wengine wanacheka? (Kina dada mtanisamehe, hayo ndiyo maneno yao, na mara nyingi waliopo pale ndio wanaovumilia kuliko wote.) Wanapasha mwili moto dakika ngapi? Chini kuna mkeka au saruji tupu? Wenye mkanda wa juu wanawapigaje wageni?

Kisha mwambie waziwazi: mwalimu, nina goti. Ukiona anauliza goti lipi, lilianza lini, linaudhi likifanya nini, umefika. Ukiona anakwambia maumivu ni sehemu ya mchezo, shukuru kwa heshima, chukua kofia yako. Kuna maumivu ya misuli iliyofanya kazi, hayo yanakuja kesho yake na yanaondoka yenyewe. Maumivu ya ndani ya kiungo, yanayochoma wakati ule ule, yanayoleta uvimbe usiku, hayo hayajawahi kumpa mtu mkanda.

Nikawatajia na taichi. Masela wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye pamba. Si ile ya wazee wa Kichina wanaosukuma upepo? Ndiyo hiyo hiyo, na ni sanaa ya mapigano kamili, mwendo wake tu ndio wa kinyonga. Mwaka 2016 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya na watu 204 wenye magoti yaliyochakaa. Kundi moja likacheza taichi, lingine likapewa mazoezi ya tiba, wiki 12. Nafuu ikawa karibu sawa. Wengi wao walikuwa watu wazima na magoti yao yalichakaa kwa umri. Kano iliyokatika ni habari nyingine, kwa hiyo sikumwambia bwana mdogo kwamba taichi itamponya. Nilimwambia ampelekee mama yake, ambaye goti lake linalia kila akiinuka jikoni. Shangazi alisikia. Sikupewa nyama usiku ule.

KESHO YAKE BARIADI

Asubuhi nikampakia, tukaenda hospitali ya Somanda. Njia nzima amenuna, anaona nimekuja kumharibia. Mtaalamu akamlaza, akakunja lile goti, akauvuta ugoko mbele kama anayevuta droo. Ukaja. Akavuta na mguu mzima, haukuja. Bwana mdogo mwenyewe aliona tofauti, hakuambiwa na mtu. Akaandikiwa barua ya kuwaona wataalamu wa mifupa Bugando, Mwanza, na akapewa mazoezi ya kuanzia: kulala chali, kuunyoosha mguu na kuuinua taratibu, kuushusha taratibu, kila siku. Mateke marufuku.

"Na ngumi?" akauliza.

"Ngumi kaa chini upige," akajibiwa.

Nadhani yule mtaalamu alikuwa anatania. Niliporudi Dar nikapigiwa simu na shangazi. Mwangaluka, mwangaluka, kisha akaniuliza ni karate gani hiyo niliyomfundisha mwanawe, maana kila jioni anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, anapigana na kiroba akiwa ameketi kama anamenya viazi, na vijana wanne nao wamekaa chini wanamwiga, na wao hawaumwi kitu!

Pamba ilipimwa, hela ikatoka. Akaenda Mwanza kama alivyopanga, Bugando kwanza. Wameamua kuimarisha misuli miezi sita kabla ya kusema lolote kuhusu kisu. Akapita kwenye klabu tatu. Ya kwanza walimwambia goti litazoea. Ya pili mkeka ulikuwa saruji. Ya tatu, mwalimu wa karate alimtazama anavyotembea kutoka mlangoni, kabla hajafungua mdomo, akamuuliza, "Wa kulia, siyo?"

Amejiunga hapo. Anapiga mikono tu, anajifunza kusimama na kupumua, na wenzake wakirusha mateke yeye anakwenda pembeni kuinua mguu wake kama alivyoandikiwa. Kazi ya ulinzi bado. Nilimpigia Jumapili iliyopita nikamuuliza goti linasemaje.

"Lipo, kaka. Tangu mwezi wa saba halijachomoka." Akanyamaza kidogo. "Hilo bega lako umelipeleka kwa nani?"